Kabla ya kushangilia wastani wa shule, hesabu watoto

Nilikaa miaka mitatu kwenye kamati ya shule ya msingi kijijini kwetu. Mkutano wa kwanza wa wazazi baada ya matokeo ya darasa la saba, mwalimu mkuu alisoma wastani wa shule. Ulikuwa umepanda, tukapiga makofi. Mama mmoja akainuka: "Hawa walianza darasa la kwanza wakiwa 84. Mbona waliofanya mtihani ni 51?" Kimya. Hata mimi, niliyekuwa na karatasi ya matokeo mkononi, sikuwa na jibu.

Tangu siku ile nikisoma matokeo naanza na idadi, wastani baadaye. Nawe mzazi mwenzangu nakusihi ufanye hivyo. NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, huweka matokeo mtandaoni, shule kwa shule. Fungua ya shule yenu uone waliofanya mtihani ni wangapi na waliopata A hadi C ni wangapi, somo kwa somo. Kisha nenda shuleni uombe idadi ya darasa hilohilo lilipokuwa la nne, la tano, la sita. Usikubali kuambiwa takwimu hazipo. Ruzuku ya uendeshaji huletwa kwa kuhesabu wanafunzi, kwa hiyo zipo.

Pengo utakaloliona ndilo la kuulizia. Wangapi wamehama? Wangapi wamekariri darasa? Wangapi wanachunga ng'ombe? Sisi tulipita kaya kwa kaya na wenyeviti wa vitongoji, siku mbili. Watoto 19 walikuwa bado hapahapa kijijini. Wawili kati yao walituambia waliambiwa wasubiri mwaka mwingine, wasije wakaishusha shule. Mmoja alikuwa bado na daftari lake la Hisabati, amelifunika kwa gazeti. Maneno yale yaliniuma, na yananiuma mpaka leo.

Wala si kwetu tu. Mwaka 2013, kwenye mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, serikali ilianza kuzipanga shule kwa nafasi na rangi kulingana na ufaulu. Watafiti waliofuatilia shule za msingi waliona zile za mkiani katika wilaya zao zikipandisha ufaulu, lakini watahiniwa wao nao wakipungua. Mwalimu ukimbana kwa namba moja, atakuletea hiyo namba. Ndiyo maana NECTA ilipoacha kutangaza shule kumi bora, Januari 2023, sikusikitika. Orodha ile haikuwahi kumwambia mzazi wa kijijini kwetu lolote kuhusu mwanawe.

Ukienda kuuliza, usiende na hasira wala usiende peke yako. Sisi tuliandika barua fupi kupitia kamati, tukampa nakala afisa elimu kata, tukaomba mambo mawili tu: idadi ya kila darasa ibandikwe kwenye mbao za matangazo kila muhula, na mtoto anayekosekana wiki mbili jina lake lifike kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwalimu mkuu alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Alisema alikuwa akiulizwa ufaulu kila kikao cha kata. Watoro hakuna aliyewahi kumuuliza.

Darasa lililofuata lilianza na watoto 79. Siku ya matokeo alisoma kwanza idadi ya watahiniwa: 68. Wastani ulikuwa umeshuka kidogo. Yule mama ndiye aliyeanza kupiga makofi.