Friji Uza, Nguo Gawa, TV ya Kisogo Usimpe Mtu

Msomaji mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, ameuliza swali ambalo huja kila mwezi ukielekea kuisha. Anahama kutoka nyumba ya vyumba viwili kwenda bedsita, yaani chumba kimoja. Ana friji ya milango miwili, jiko la gesi lenye ovena, viti vya watu saba, TV ya kisogo (ile ya zamani yenye mgongo mnene) ambayo haijawashwa siku nyingi, godoro la tano kwa sita, mifuko mitatu ya nguo na sanduku la bati la shule. Dadake anamwambia auze kila kitu, pesa ni pesa. Mchungaji wake anamwambia atoe, atabarikiwa. Wote wawili wanausemea mzigo mzima kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo wanapompoteza.

Dada yangu wa Umoja, amua kitu kimoja kimoja, na bei uliyonunulia usiiweke kwenye hesabu kabisa. Mnunuzi hajali ulilipa ngapi 2017. Anachojua ni bei ya kipya leo pale mjini, basi anzia hapo. Kitu kinachofanya kazi vizuri, ambacho hakijapita miaka mitano na risiti yake ipo, kitangaze kwa nusu ya bei ya kipya na ukubali kushuka hadi asilimia 40. Chenye kasoro inayoonekana, anza na robo. Kisha toa gharama: fundi, usafi, usafiri kama ni wewe unayepeleka, na jioni zako za kujibu watu wanaouliza "bado iko?" halafu wakanyamaza. Kinachobaki kikiwa chini ya shilingi 2,000, usikiuze peke yake. Kiunganishe na kikubwa, kwa mfano stuli iende na viti, ama kitoe bure leo hii. Kiwango hicho kila mtu na chake, lakini kiweke kabla ya kuanza kupiga picha, la sivyo utajikuta unabishana na mtu wa Ruai juu ya birika la shilingi 300.

Friji ndiyo huleta pesa nyingi na aibu nyingi, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Ijaribu kwanza. Bana noti ya shilingi 100 kati ya mlango na fremu, funga, kisha vuta. Noti ikiteleza bila kushikwa, raba ya mlango imechoka mahali hapo na baridi inatoka. Fanya hivyo kuzunguka mlango wote. Mara nyingi raba haijafa, imejaa mafuta ya mikono na kukakamaa tu. Ioshe kwa maji moto na sabuni, ikauke, halafu jaribu tena kabla ya kununua nyingine. Usiku weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji katikati ya rafu: asubuhi kisome nyuzi 4 au chini yake. Kwenye friza ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Kama huna kipimajoto, bakuli la maji kwenye friza liwe barafu ngumu hadi katikati.

Sikiliza pia kompresa. Ikinguruma usiku kucha bila kupumzika, huenda raba inavuja ama gesi imepungua. Gesi ya friji haiishi kama mafuta ya gari. Ikipungua, kuna tundu. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu amekuuzia baridi ya muda tu, na ukimpokeza jirani wa bloku ya pili friji hiyo, mtakutana kila asubuhi langoni.

Siku moja kabla ya kuchukuliwa, izime, barafu iyeyuke, ipanguse na uache mlango wazi kidogo. Isafiri ikiwa wima. Ikilazwa, mafuta ya kompresa hupanda kwenye mirija, na ikiwashwa papo hapo kompresa inaweza kuharibika. Ikisafiri wima, ipumzike saa chache kabla ya kuwashwa. Ikilazwa, isubiri siku nzima. Mwandikie mnunuzi maneno hayo WhatsApp kabla hajaondoka, kwa sababu lawama nyingi za "umeniuzia friji mbovu" huanzia nyuma ya gari la Probox. Na kama yako imekufa kabisa, waulize mafundi wa friji. Hununua kwa sababu ya kompresa na shaba. Mpaka watakapokuja, ng'oa mlango au ufunge kwa kamba imara, maana watoto hujificha ndani na hewa huisha.

Jiko la gesi liuze likiwa linawaka mbele ya mnunuzi. Moto uwe wa buluu. Ukiwa wa njano, huenda vitobo vimeziba: toa vichwa, loweka kwenye maji moto yenye sabuni, zibua kwa sindano, kausha vizuri. Mpira wa gesi wa zamani usiuze wala usigawe, utupe.

Viti vipindue. Ukiona vitobo vidogo na vumbi laini linalodondoka, mbao ina wadudu, na ukimpa mtu umempelekea wadudu nyumbani kwake. Fremu ikiwa imara lakini kitambaa kimechanika, usihangaike na wanunuzi wa mtandaoni. Mtafute fundi wa viti, yeye ananunua mbao na atavika upya. Kisha pima: upana wa viti, upana wa mlango wako, na kona ya ngazi. Biashara nyingi za viti Nairobi hufia kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, mnunuzi akiwa tayari amelipia pikapu.

Sasa wakati. Wanunuzi wana pesa kuanzia tarehe 28 hadi 5, baadaye wanakuwa wa kuuliza bei tu. Weka tangazo kuanzia tarehe 20, ili wakipata mshahara tayari mmeshaelewana. Usiandike kwamba unahama Jumamosi. Ukishasema hivyo, kila mtu atasubiri Ijumaa jioni. Sanduku la bati, pamoja na godoro lolote la futi mbili na nusu kwa sita, halina mnunuzi Agosti lakini Januari linagombewa na wazazi wa shule za bweni. Dada wa Umoja, kama mamako ana nafasi, sanduku likae kwake hadi wiki ya kufungua shule.

Pesa zipokelewe mnunuzi akiwa mbele yako, na uangalie salio lako, si ujumbe tu. Ujumbe wa bandia mara nyingi hutoka kwenye namba ya kawaida ya simu, ilhali ule wa kweli hutoka kwa MPESA. Kuna na ujanja mwingine: mtu analipa, anabeba, halafu anatuma ujumbe kwa 456, namba ya Safaricom, kuomba pesa irudishwe, akidai alikosea namba. Kinga yake ni karatasi: kitu gani, bei gani, tarehe, sahihi zenu wote wawili, na picha ya kitu kikipakiwa. Anayedai ametuma zaidi kwa bahati mbaya, angalia salio kwanza kabla ya huruma. Na usisahau keateka, msimamizi wa nyumba. Nyumba nyingi haziruhusu fanicha kutoka langoni bila ruhusa ya maandishi, wakihofia wapangaji wanaotoroka kodi, kwa hiyo iombe mapema mnunuzi asije akazuiwa na soja huku mkokoteni ukihesabiwa saa.

Nguo usiuze. Wachuuzi wa mitumba wa Gikomba na Toi hununua marobota, na mifuko yako mitatu haiwashughulishi. Mama wa mali mali atakupa beseni au thamosi kwa rundo zima, na kama unahitaji beseni, hiyo ni biashara halali. Vinginevyo gawa, lakini ugawe kwa adabu. Fua kwanza. Zipu iliyokufa na kwapa lililotoboka ziwe matambara. Viatu vifungwe viwili viwili kwa kamba. Nguo za watoto ziandikwe umri kwenye mfuko, mtu asipekue magunia matatu akitafuta sare ya mtoto wa miaka sita. Mafuriko ya 2024 yalipowaondoa watu majumbani Mathare na Mukuru, mahitaji yalikuwa blanketi, godoro kavu na sufuria. Ukimpelekea mtu wa hali hiyo viatu vya kisigino kirefu, umesafisha kabati lako tu, na hilo lisikupe kiburi kanisani.

Kabla ya kwenda kwenye makao ya watoto, piga simu uulize wanahitaji nini, na uombe kuona cheti cha usajili. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, kwa hiyo yaliyoanza juzi yaulizwe maswali. Friji kuukuu usiwapelekee bila kuuliza, maana watailipia tokeni kila wiki. Mama fua na soja wa lango wapewe kabla ya watu wa mbali, ila zawadi isiwe badala ya mshahara. Nauli ya kuipeleka ushago ukiweza mwongezee, maana kitanda cha bure kinaweza kumgharimu zaidi ya anachopata kwa wiki.

Godoro lichunguze kwa tochi: mishono, pembe, chini ya lebo. Madoa meusi kama ya wino na maganda ya rangi ya kahawia ni kunguni. Jua peke yake haliwamalizi, hata ulianike siku mbili. Godoro hilo haliuzwi wala haligawiwi. Lichane kitambaa, liandike KUNGUNI kwa kalamu nene, ulifunge kwenye plastiki na uwalipe watu wa taka walibebe. Lisipochanwa, litalaliwa na mtu usiku uo huo.

Imebaki TV ya kisogo. Matangazo ya analojia yalizimwa nchini 2015, kwa hiyo bila king'amuzi haionyeshi kitu, na hata ukiwa nacho hakuna atakayelipa. Skrini yake ina madini ya risasi (lead) ndani ya kioo. Ukiiacha kando ya barabara, itavunjwa na nyaya zichomwe kwa ajili ya shaba, moshi uingie kwenye nyumba za watu. Kuna kituo cha kukusanya taka za umeme cha WEEE Centre kule Utawala. Piga simu kabla ya kupeleka. Na usimruhusu fundi wa kujaribu aifungue kifuniko cha nyuma ili atoe vipuri, kwa maana umeme hubaki ndani hata ikiwa imechomolewa.