Kabla Hujanunua Tena Simu ya Batani Uliyoipenda Zamani

Kama umeanza kuchungulia matangazo ya simu zilizotumika ukiitafuta BlackBerry au Nokia E71, nakuelewa kabisa. Nimetumia E71, nikahamia Bold 9900, kisha KEYone, zote mbili za BlackBerry, na vidole vyangu bado vinakumbuka mahali pa kila herufi. Ila kabla hujatoa pesa, jiulize: unatamani vile vitufe, au maisha uliyokuwa nayo wakati ule? Kama ni enzi za BBM, ile huduma ya kuchati ya BlackBerry, za kungoja ile D igeuke R ujue ujumbe umesomwa, hakuna simu itakayokurudishia. BBM ya watu wa kawaida ilifungwa Mei 2019, na wale uliochati nao wameshahamia kwingine.

Kama ni vitufe vyenyewe, hapo tuna la kuzungumza. Kwa kasi, huenda kijana wa leo akanishinda kwenye kioo. Raha ilikuwa kuandika bila kutazama: kidole gumba kinapapasa ukingo wa kitufe, kinabonyeza, na unajua kimeingia. Tena kilichoandikwa ndicho ulichokusudia. Anayeandika Kiswahili kwenye simu ya tachi anaijua adha ya kitenzi kirefu, chenye viambishi vyake vyote, kugeuzwa ghafla kuwa neno la Kiingereza na kwenda hivyo hivyo kwa mama mkwe. Halafu kulikuwa na njia za mkato. Kwenye BlackBerry, herufi T ilikupandisha juu kabisa ya orodha ya ujumbe, B ikakushusha mwisho. Nazikosa hizo kuliko hata kibodi.

Sasa upande mchungu. Simu zinazotumia mfumo wa BlackBerry OS 7.1 kurudi nyuma, pamoja na za mfumo wa BlackBerry 10, zilikatiwa huduma tarehe 4 Januari 2022. Kampuni ilionya kwamba hata kupiga simu, kutuma SMS na kupata namba za dharura havitategemeka tena. Bold zote zimo humo, Q10 imo, na Passport ya 2014 imo, pamoja na umbo lake la mraba lililowachekesha watu (mimi naliona zuri mpaka leo). WhatsApp ilishaziacha tangu mwisho wa 2017. E71, ya mwaka 2008, inaweza kupiga simu penye 2G au 3G, lakini mitandao hiyo inazimwa nchi moja baada ya nyingine, na kivinjari chake kinashindwa kufungua tovuti nyingi za leo.

Zinazobaki na uhai ni zile BlackBerry za Android: Priv ya 2015, KEYone ya 2017 na KEY2 ya 2018. Hata hizo hazipati tena masasisho ya usalama, kwa hiyo programu ya benki usiiweke humo.

Ukiamua kununua, usidanganyike na kasha linalong'aa. Fungua sehemu ya kuandikia ubonyeze kila kitufe, pamoja na Alt na nafasi. Kitufe kinachoandika herufi mbili kwa mbonyezo mmoja kimechoka, na kupata kibodi mbadala si rahisi. Kwa simu ya kuteleza kama Priv, ifungue na kuifunga mara kadhaa huku kioo kinawaka. Kikimulika au kuzima, utepe wa ndani unaelekea kukatika. Pitisha kidole mgongoni pia, maana betri iliyokaa miaka kwenye droo huvimba.

Ushauri wangu hasa, lakini, ni kununua kibodi badala ya kununua zamani. Kampuni ya Unihertz inatengeneza simu za Titan, za Android na zenye vitufe halisi. Wenye iPhone wana Clicks, kava lenye kibodi lililotoka 2024, ingawa linairefusha simu mpaka mfukoni inachomoza. Na kama unachoandika ni kirefu, kibodi ndogo ya Bluetooth itakutosha kwa gharama ndogo zaidi.

Yoyote utakayochagua, anza na laini ya pili. Zima kisahihisha maneno siku ya kwanza, panga njia zako za mkato, na laini kuu usiihamishe mpaka uwe umehakikisha misimbo ya benki inaingia.