Kwa mnaoanza kukimbiza gemu: rudini pale mnapoanguka

Wadogo zangu wa Chake Chake mnaoniuliza kila siku nafanyaje kuimaliza gemu ya Super Mario Bros. kwa dakika 5 na sekunde chache, nimeona niandike. Kukimbiza gemu ndiko huko: kuimaliza kwa muda mfupi kabisa. Tukiwa barazani naeleza nusu, mara inaadhiniwa magharibi, tunatawanyika, na kesho yake naanza upya.

Kwanza toeni fikra kwamba hii ni kazi ya wepesi wa vidole. Vidole vinafunzika kwa miezi miwili. Kilichonivuta mimi ni ile hali ya kukijua kitu mpaka kiini chake, kama wazee wanavyolijua bao: kete 64 na mashimo 32, na bingwa ameshazihesabu zote kabla hajainua mkono. Gemu ile imetoka 1985, ina dunia 8 zenye hatua nne nne, jumla 32. Mkimbizaji hachezi zote. Anapita 1-1, yaani dunia ya 1 hatua ya 1, kwenye 1-2 anapata njia ya kurukia dunia ya 4, kwenye 4-2 anaruka tena hadi dunia ya 8, kisha anazimaliza hatua zake nne. Hatua nane tu. Aina hiyo inaitwa asilimia yoyote, maana yake ufike mwisho kwa njia yoyote ambayo gemu yenyewe inaikubali.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililoninasa. Ukimaliza hatua, gemu haikuruhusu kuondoka hapo hapo. Inaangalia kama umemaliza mara moja katika kila fremu 21, fremu ikiwa ni picha moja ya skrini, na kwa vile mashine ya gemu inaonesha fremu kama 60 kwa sekunde, kila zamu ni kiasi cha theluthi moja ya sekunde. Ni kama boti ya kwenda Dar. Haiondoki ikijaa kama daladala, inaondoka kwa saa yake. Aliyefika bandari ya Malindi, Unguja, nusu saa kabla na aliyefika dakika mbili kabla wanakwenda pamoja, na aliyechelewa kidogo tu anaiangalia ikiondoka, basi asubiri nyengine. Kwa hiyo unaweza kupunguza fremu 10 katika hatua moja na saa isibadilike kabisa, halafu fremu moja zaidi ikakupa zote 21. Nilipolielewa hilo niliacha kuhangaika na kila mruko. Nikaanza kuuliza: hapa boti yangu ni ipi, na nimebakiwa na nafasi kiasi gani? Hatua ya 8-4 peke yake haina boti. Pale saa inasimama Mario anapoligusa shoka la mwisho wa hatua, na kila fremu ni yako, ya faida au ya hasara.

Ndiyo maana rekodi zinashuka kwa shida. Mwaka 2016 mchezaji anayejiita darbian alimaliza kwa dakika 4:56.878. Mpaka 2021 ndipo mwengine, Niftski, akawa wa kwanza kushuka chini ya 4:55, kwa 4:54.948. Tofauti yake haifiki sekunde mbili, na katikati yake kuna miaka ya watu kugundua mbinu na kupeana. Hakuna aliyeficha chake. Mimi kijana wa Pemba nimejifunza kwa video zao bila ya kulipa hata shilingi, na ninyi mtapata hivyo hivyo.

Mfano wa kuutazama kwa karibu ni 4-2. Kwa kawaida njia ya kwenda dunia ya 8 ni kupanda mmea unaotoka ndani ya tofali, na kupanda kunakula muda. Mbele kidogo lipo bomba ambalo kwa kawaida linakushusha kwenye chumba cha sarafu. Gemu inakumbuka mahali pamoja tu pa kukupeleka, na inabadilisha kumbukumbu hiyo kwa kufuata skrini ilipofika, haifuati Mario alipofika. Akiligusa tofali kwa ukingo kwa namna maalumu, Mario anasukumwa mbele bila ya skrini kwenda naye. Ukimsukuma kiasi cha kutosha halafu ukaingia bombani, gemu bado inakumbuka safari ya mmea, na bomba linakutoa kule kule. Mara ya kwanza kunitokea niliweka pedi chini, nikatoka nje nikatembea mpaka dukani na kurudi.

Nilipotaka kuipata kila mara ndipo nilipokosea, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize zaidi. Nilikuwa naanza kutoka 1-1, nafika 4-2, naharibu, narudi 1-1. Miezi inapita. 1-1 yangu ikawa safi kama maji ya kisima, na 4-2 bado inanishinda, kwa sababu kwa siku nzima nilikuwa nimeijaribu labda mara 15. Siku moja nikamkumbuka mwalimu wangu wa chuoni, aliyetusomesha Kurani. Ukikwama kwenye aya hakukurudisha mwanzo wa sura. Alikushika kwenye aya ile, ukaisoma na iliyo kabla yake na iliyo baada yake, mpaka ulimi ukapita wenyewe. Alijua mtoto anayerudi mwanzo kila mara anahifadhi mwanzo tu.

Basi fanyeni hivyo. Programu ya kuiga mashine ile kwenye kompyuta inakuruhusu kuhifadhi mahali ulipo. Hifadhi sekunde chache kabla ya pale unapoanguka, ucheze kipande hicho mara 50, na uandike kwenye daftari la skuli zimefaulu ngapi. Zikifika 40, rudi nyuma kidogo uingie kipande hicho kwa mbio, kwa sababu kukifanya umetulia na kukifanya moyo unadunda ni vitu viwili. Kumaliza gemu nzima kuwe na siku yake, mimi ni Ijumaa usiku.

Vifaa visiwatishe. Pedi yenye waya inatosha. Mkibahatika kupata TV ya kichogo ambayo mtu anataka kuitupa, pamoja na mashine yenyewe, ichukueni, kwa sababu flati nyingi zinachelewesha picha kidogo na mkono unadhani umekosea. Angalieni pia mashine ni ya soko gani: za Ulaya zinaonesha fremu 50 kwa sekunde, za Marekani na Japani 60, na muda wake haulinganishwi hivi hivi. Rikodini kila jaribio zima, tangu mwanzo. Mimi nilipata muda mzuri sana usiku mmoja, nikiwa 8-3, umeme ukakatika. Sikuuandika popote na siuhesabu.

Mpwa wangu ameanza mwezi uliopita. Bomba la 4-2 sasa analipata mara 43 katika 50, daftari ninalo hapa. Wiki hii amehifadhi 8-3, mbele kidogo ya wale maadui wawili wanaorusha nyundo, na jana alifaulu mara 9. Anayetaka kuja kucheza naye aje baada ya isha, aje na daftari lake.