Kwa mnaoanza kusoma matumbawe mkiwa Bukavu: ulizeni watoto wako wapi

Kila mwaka, wakati wa kuchagua kichwa cha TFC au memwari, zile kazi za kumalizia masomo ya chuo, ukifika, hujitokeza mwanafunzi mmoja au wawili wanaotaka kuandika juu ya matumbawe. Wenzao huwacheka. Hapa ni Bukavu, wanawaambia, mbele yetu ni ziwa Kivu, hayo matumbawe mtayatoa wapi? Na kweli, miamba iliyo karibu nasi iko pwani ya Tanzania na Kenya, ng'ambo ya nchi nzima. Hata ule ukanda wetu wa bahari kule Muanda, wa kilomita kama 40, hauna mwamba wa matumbawe: mto Kongo unamwaga pale takriban mita za ujazo 40,000 za maji kila sekunde, yasiyo na chumvi na yenye tope, ilhali matumbawe yanataka maji ya chumvi, maangavu, yanayopitisha mwanga.

Mimi siwacheki. Anayesoma kitu akiwa mbali nacho hawezi kupiga picha akaiita utafiti. Hana budi kuelewa kinavyofanya kazi. Nawaandikia ninyi mnaoanza sasa, muwe wa biolojia, wa mazingira, au wa sosiolojia na mawasiliano mnaotaka kujua watu wanafikiri nini juu ya jambo hili.

Karibu wote mnakuja na picha ileile: mwamba mweupe pe, maji ya buluu, mzamiaji mmoja kwa mbali. Picha ni ya kweli, ila inaonyesha upande ulio rahisi kuonekana. Tumbawe ni mnyama, kundi la vinyama vidogo viitwavyo polipu, na ndani ya nyama yao unaishi mwani mdogo mno unaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya nguvu anazohitaji. Joto la maji likizidi kile kiwango cha juu cha kawaida cha msimu wa joto kwa nyuzi 1 hivi, na hali hiyo ikadumu wiki kadhaa, ushirika huo unavunjika. Mwani unatolewa, na mifupa ya chokaa inaonekana kupitia nyama isiyo na rangi. Huko ndiko kupauka. Hapo tumbawe lina njaa, lakini bado halijafa. Joto likishuka mapema, mwani unarudi, rangi inarudi, na wapiga picha wanaenda zao.

Ninyi msiondoke nao. Tumbawe lililopona linaweza kukaa msimu mzima, pengine zaidi, bila kutengeneza mayai, au likatengeneza machache na madogo. Yai la tumbawe limejaa mafuta. Kulikuza ni kazi ya miezi mingi, kwa spishi nyingi za Acropora, matumbawe wajenzi wa mwamba, zaidi ya nusu mwaka, na mafuta hayo hutoka kwenye akiba ileile iliyoliwa wakati wa njaa. Ukiutazama mwamba kwa macho unasema uko hai. Ukihesabu vizazi unakuta mwaka ule haukuzaa kitu. Kwa hiyo, kila makala utakayoisoma, kabla hujaandika kwamba mwamba umepona, uliza: watoto wako wapi?

Sisi wa Kivu swali hilo si geni kwetu, tunalijua kwenye sambaza. Samaki hao waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, wakazoea maji ya huku. Mvuvi wa Idjwi au wa Kalehe atakuambia kwamba usiku wa mbalamwezi taa haivuti samaki, na kwamba anayekokota chandarua kando ya ufuko anamaliza sambaza wachanga, hata kama leo meza za soko la Kadutu zimejaa. Mwezi na wachanga: ukiyashika hayo mawili, kuzaa kwa matumbawe hakutakusumbua sana.

Kuhusu mwezi, elimu yetu bado changa. Watafiti wa James Cook University, Australia, waliona matumbawe yakizaa kwa pamoja mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakatangaza habari hiyo mwaka 1984; kabla ya hapo wengi waliamini kwamba aina nyingi hulea mabuu ndani ya mwili. Kumbe kwenye Great Barrier Reef, ule mwamba mkubwa wa Australia, spishi zaidi ya 100 humwaga mayai na mbegu usiku, katika siku chache zinazofuata mwezi mpevu, kati ya Oktoba na Desemba. Maji yanayopata joto polepole huamua ni mwezi gani wa kalenda. Mwezi wa angani huamua ni usiku upi. Giza linaloingia jua likishatua huamua saa. Spishi chache, kama baadhi ya Pocillopora, kweli hulea mabuu mwilini, na tofauti hiyo itatufaa baadaye.

Kwa nini kuhesabu saa kiasi hicho? Kwa sababu tumbawe halitembei kwenda kumtafuta mwenzake. Vifurushi vya mayai na mbegu hupanda juu ya maji kwa wepesi wa mafuta, hupasuka, na mbegu ina saa chache tu za kukutana na yai la jirani wa spishi ileile kabla mawimbi hayajavitawanya. Atakayechelewa siku mbili amepoteza mwaka. Tena hata wakiwahi, jirani akiwa mbali mbegu zinakuwa chache mno majini. Ndiyo maana mwamba uliobakiwa na tumbawe moja hapa na lingine kule, baada ya wimbi la joto kuua ya katikati, unaweza kuwa na wazazi wazima na usipate mtoto.

Kuna kazi moja kutoka Eilat, kwenye Bahari ya Shamu, iliyotoka mwaka 2019, ambayo ningependa kila mmoja wenu aisome kabla ya zote. Watafiti waliingia majini usiku baada ya usiku, kwa miaka kadhaa, kisha wakalinganisha na kumbukumbu za miongo iliyopita. Baadhi ya spishi zilizokuwa zikizaa kwa pamoja zilikuwa zimepoteza mpangilio: hili leo, lile wiki ijayo, jingine mwezi mwingine. Kwa spishi hizo, wachanga walikuwa hawaonekani kwenye mwamba, wakati matumbawe makubwa yalikuwa yamesimama na rangi zake. Hakuna gazeti litakaloweka picha ya jambo hilo ukurasa wa kwanza, kwa kuwa hakuna cha kupiga picha.

Baada ya kuungana kwa yai na mbegu huzaliwa buu liitwalo planula, linaloogelea siku kadhaa likitafuta mahali pa kukaa maisha yake yote. Linapenda pale penye mwani mgumu wa rangi ya waridi unaofunika mawe. Mwamba uliokufa ukimea majani ya bahari, buu halipati nafasi. Na bahari inavyozidi kunywa hewa ya ukaa, maji yanakuwa na tindikali zaidi na mwani ule mgumu unaumia. Hapa nakwenda haraka; kemia yake mtaisoma kwa walimu wenu.

Takwimu ya kushika ni hii. Joto la 2016 na 2017 liliua matumbawe mengi sana ya Great Barrier Reef. Mwaka 2018 watafiti walipohesabu wachanga waliokaa kwenye vigae vilivyowekwa majini, waliwakuta wamepungua kwa 89% kulinganisha na miaka ya nyuma. Acropora, wajenzi wakuu wa mwamba, walipungua kwa 93%. Na kwa mara ya kwanza wale wanaolea mabuu mwilini ndio waliokuwa wengi kati ya wachache waliobaki. Maana yake joto halipunguzi watoto tu, linabadilisha pia ni watoto wa nani.

Lakini usiichukue Australia ukaibandika Mombasa. Kwenye miamba ya Kenya, karibu na ikweta, imeonekana kwamba Acropora hawazai wote kwa pamoja. Kuzaa kwao kumetawanyika katika miezi kadhaa. Anayeandika kwamba matumbawe ya Afrika Mashariki huzaa usiku mmoja wa mwaka anatafsiri filamu ya Australia. Pwani hiyo ina hadithi yake: joto la 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Bahari ya Hindi magharibi, na tathmini iliyotoka mwaka 2021 ilikuta miamba ya ukanda huo wote iko katika hatari ya kuporomoka ndani ya miaka 50.

Sasa upande wa watu, ambao wengi wenu mnauona mwepesi. Si mwepesi. Watu hujenga maoni kwa kile wanachokiona, na kilichoonekana duniani ni ule weupe. Mwaka 2016 jarida moja la Marekani liliandika tanzia ya Great Barrier Reef kana kwamba imeshazikwa. Habari ikasambaa kama moto wa kiangazi, na wanasayansi wakalazimika kusema mgonjwa bado anapumua. Huo ni uandishi mbaya hata kama nia ni njema. Ukimwambia mtu kwamba maiti iko kaburini, hatakuchangia dawa. Huzuni yenyewe si ya kudharau, imepimwa: utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba kama nusu ya wakazi, watalii na wafanyabiashara wa utalii wa eneo lile walikuwa na majonzi makubwa kwa ajili ya mwamba, na kati ya wavuvi ni karibu robo. Mimi ningependa mtu aeleze kwa nini wavuvi wana majonzi machache. Labda mvuvi anatazama samaki, mtalii anatazama rangi. Hilo ni wazo langu tu, msilinukuu.

Mkija kwenye watu wa kwetu, kuweni waangalifu na namba za kuazima. Afrobarometer, mtandao unaopima maoni ya watu Afrika, mwaka 2016 hadi 2018 iliuliza watu wa nchi 34 za Afrika, na karibu 6 kati ya 10 walisema wameshasikia habari za mabadiliko ya tabianchi. Kongo yetu haikuwemo katika nchi hizo. Ukiweka namba hiyo kwenye utangulizi wako kana kwamba ni ya Bagira au Panzi hapa Bukavu, atakayekuhoji siku ya kutetea kazi atakumaliza kwa swali moja.

Maswali yenyewe yapimeni kwa mzee wa mtaani kabla ya kuchapisha karatasi. Ukimwuliza mtu, "Je, unakubali kwamba mabadiliko ya tabianchi yanaharibu matumbawe?", atakubali. Atakubali kwa heshima, kwa sababu umekuja na kalamu na umeketi kwenye kiti chake. Mzee mmoja aliwahi kumrudishia mwanafunzi swali la namna hiyo: "Mwanangu, wewe unataka nijibu nini, nikusaidie umalize shule?" Anza na picha na uache mtu aseme anachoona: jiwe, mmea, mnyama? Kisha tenganisha mambo ambayo madodoso mengi yanayachanganya: kama anaona hali ya hewa imebadilika, anadhani imebadilishwa na nini, na yuko tayari kufanya au kuacha nini. Mtu anaweza kusema ndiyo kwa la kwanza, Mungu kwa la pili, na "nitafanya nini mimi na makaa ninayouza?" kwa la tatu, na asiwe anajipinga hata kidogo.

Nawaletea jambo la hapa nyumbani, zito, kwa sababu lazima mjue kutofautisha. Mei 2023 mafuriko ya Kalehe yaliua watu zaidi ya 400, katika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Kila mmoja alikuwa na maelezo: milima iliyokatwa miti, nyumba zilizojengwa kando ya mito, mabadiliko ya tabianchi, adhabu. Wanasayansi wa World Weather Attribution walipojaribu kupima mchango wa tabianchi katika mvua zile, walitangaza kwamba takwimu za vituo vya hali ya hewa vya ukanda huu hazitoshi kutoa jibu. Kwa matumbawe hali ni nyingine: joto la bahari linapimwa kila siku kwa satelaiti, na uhusiano wake na kupauka umeonekana tena na tena, hadi wimbi la nne la dunia lililotangazwa Aprili 2024. Mwanafunzi anayezungumza juu ya Kalehe kwa uhakika uleule wa matumbawe hajui uhakika unatoka wapi. Na msikilizaji aliyempoteza ndugu Nyamukubi atamgundua haraka.

Mtaulizwa pia, na mama wa sokoni kabla ya profesa: hayo ya baharini yanatuhusu nini? Msimtungie mama yule uhusiano wa uongo. Sambaza wake hawali matumbawe. Mwambieni habari za Tanganyika. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba maji ya juu ya ziwa hilo yamepata joto, hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye rutuba, na uzalishaji wa chakula cha samaki umeshuka kwa karibu 20%. Mwaka 2016 wengine walisoma mashapo ya chini ya ziwa wakaona samaki walianza kupungua hata kabla uvuvi wa kibiashara haujapanuka. Hilo analielewa, kwa sababu ndagala wa Uvira anawajua na bei yao anaijua.

Kwa kazi ya mikono, msisubiri pesa ya safari ya Mombasa. Ramani za joto la bahari za NOAA Coral Reef Watch, ya serikali ya Marekani, ni za bure, na ipo hifadhidata ya wazi ya matumbawe kutaga katika Bahari ya Hindi na Pasifiki, iliyotolewa mwaka 2021, yenye rekodi zaidi ya 6,000. Ipakue usiku, mega zikiwa nafuu. Chagua spishi moja na sehemu moja, chora tarehe za kutaga dhidi ya mwezi mpevu wa kila mwaka, na andika pembeni joto la maji la wiki zilizotangulia. Niletee mchoro huo kwanza. Utangulizi wenye mistari mitano juu ya umuhimu wa bahari kwa binadamu unaweza kungoja.