Biashara ya mtandao: losheni imefika kwa nani?

Barua za safari hii karibu zote zinahusu kampuni za biashara ya mtandao zinazouza sabuni, losheni, krimu na dawa za meno kupitia wanachama badala ya maduka; mtandao hapa ni wa watu, si intaneti, na mwanachama hulipwa kamisheni pia kwa mauzo ya wale aliowaunganisha. Zilizofanana nimeziunganisha.

Kwa nini kampuni nyingi za aina hii huuza vitu vya kupaka na kuogea, na si meza au redio?

Kwa sababu sabuni huisha. Aliyenunua meza hatarudi kwa miaka mingi, lakini aliyenunua losheni atahitaji nyingine baada ya wiki chache. Isitoshe, ni vigumu kulinganisha bei ya krimu mbili ambazo kila mtengenezaji anadai zina mchanganyiko wake wa pekee, na ile nafasi pana iliyopo kati ya gharama ya kutengeneza na bei ya kuuzia ndiyo inayolipa kamisheni za ngazi zote zilizo juu ya muuzaji. Tena bidhaa hizi huuzika vizuri mikononi mwa mtu anayeaminiwa, anayekupaka kidogo nyuma ya kiganja na kukuambia unuse. David McConnell, aliyekuwa akiuza vitabu nyumba kwa nyumba nchini Marekani, aliona wateja wakifurahia zaidi manukato aliyowapa bure kuliko vitabu vyenyewe, na mwaka 1886 akaanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Avon. Huo ulikuwa uuzaji wa moja kwa moja tu: wakala alilipwa kwa alichouza mwenyewe. Mpango wa kumlipa mtu pia kwa mauzo ya wale aliowaunganisha ulipata umbo lake mwaka 1945 kwa vidonge vya lishe vya Nutrilite. Wasambazaji wawili wa vidonge hivyo, Jay Van Andel na Rich DeVos, ndio walioanzisha Amway mwaka 1959.

Kampuni niliyojiunga nayo imetangaza kwamba wanachama wameongezeka maradufu na mauzo yamepanda. Je, huo si ushahidi kwamba biashara ni nzuri?

Ni ushahidi kwamba uandikishaji unakwenda vizuri, na hilo ni jambo tofauti. Kwa kawaida kampuni huandika mauzo pale katoni inapomfikia mwanachama, si pale mtu asiye mwanachama anapofungua chupa na kujipaka. Tuchukue mfano wa wanachama wapya 1,000, kila mmoja akanunua kifurushi cha kuanzia cha dola 100. Vitabu vitaonyesha mauzo ya dola 100,000, ingawa huenda vifurushi vyote bado vimefungwa kwa utepe wake na hakuna ngozi hata moja iliyoguswa na losheni hiyo.

Mwaka unaofuata, nusu yao wakikata tamaa, kampuni italazimika kuandikisha wengine 500 ili ibaki pale pale ilipokuwa, na wengine zaidi ili iweze kusema imekua. Wahenga walisema pakacha likivuja ni nafuu ya mchukuzi, nami naona methali hiyo inaieleza hesabu hii barabara: aliyeondoka hadai tena kamisheni, na aliyeingia amenunua kifurushi kipya. Ndiyo maana idadi ya walioandikishwa hutangazwa kwa sauti kubwa, ilhali idadi ya waliobaki ni nadra kuisikia ukumbini.

Ukuaji wa kuandikishana pia una ukuta wake. Ikiwa kila mtu ataunganisha sita, na kila mmoja wa hao sita wake, ngazi ya 12 itahitaji watu zaidi ya bilioni 2.1, na ya 13 itahitaji bilioni 13, idadi inayozidi watu wote walio hai. Katika uhalisia ukuta hufikiwa mapema zaidi, pale mwanachama mpya anapokuta kila jirani ameshafuatwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya kampuni hizi kutafuta nchi mpya kila mara. Huko nako sheria huweza kugeuka: China ilipiga marufuku mfumo huu mwaka 1998, na kanuni za mwaka 2005 zilizoruhusu tena uuzaji wa moja kwa moja hazikuruhusu malipo ya ngazi nyingi.

Kwa hiyo uliza mambo matatu: ni wangapi wanaendelea kuuza baada ya mwaka mmoja, ni kiasi gani kinanunuliwa na watu wasio wanachama, na mwanachama wa katikati, si yule anayeitwa jukwaani kupokea funguo za gari, anabaki na nini baada ya kutoa gharama. Ripoti ya mwaka 2024 ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, iliyopitia taarifa 70 za mapato zilizotolewa na kampuni hizi zenyewe, ilionyesha kwamba washiriki walio wengi walipata dola 1,000 au chini ya hapo kwa mwaka, tena kabla ya kutoa gharama zao.

Biashara hii ina tofauti gani na piramidi, ule mpango unaolipa watu kwa kuandikisha wengine?

Kuwepo kwa bidhaa hakutoshi. Koscot ya Marekani ilikuwa na vipodozi halisi, lakini mwaka 1975 tume hiyo hiyo iliamua kwamba ilikuwa piramidi, kwa kuwa watu walilipia haki ya kuuza pamoja na haki ya kupata malipo kwa kuandikisha wengine, malipo yasiyotegemea bidhaa kumfikia mtumiaji. Amway ilinusurika mbele ya tume hiyo mwaka 1979 kwa kuwa kanuni zake zilimtaka msambazaji auze sehemu kubwa ya mzigo na awe na wateja, na pia mzigo uliobaki urudishwe. Herbalife nayo, kampuni ya virutubisho ya aina hii, mwaka 2016 ilikubali kulipa dola milioni 200 na kubadili mfumo wake wa malipo nchini humo.

Aliyeniunganisha ananihimiza ninunue bidhaa mwisho wa mwezi ili nipate pointi nisishuke daraja. Nifanye nini?

Shuka. Daraja unalolinunua kwa fedha zako ni gharama, na kamisheni ya ununuzi huo inamwendea yeye.

Nimebaki na katoni tatu za losheni chumbani. Naweza kuzirudisha?

Soma mkataba leo, usingoje kumweleza kwanza aliyekuunganisha. Kanuni za maadili za vyama vya uuzaji wa moja kwa moja huitaka kampuni mwanachama imrudishie muuzaji anayejitoa angalau asilimia 90 ya bei aliyolipa, kwa bidhaa zinazouzika alizonunua ndani ya miezi 12. Tazama tarehe chini ya chupa, kwani iliyopitwa na wakati haihesabiwi kuwa inauzika, wala iliyofunguliwa. Ile alama ya kopo lenye kifuniko wazi iliyoandikwa 12M haikusaidii hapa: inahesabu miezi tangu chupa ilipofunguliwa. Andika barua ya kujitoa, orodhesha chupa moja moja pamoja na namba za risiti, na ubaki na nakala.