Re: Mbona wakazi wa Kira wanapinga senta zao kujengwa upya?

Ndugu, umeuliza kwa nini sisi wa Kira, manispaa ya Uganda iliyo karibu na Kampala, tunakataa maendeleo, yaani senta zetu (sehemu za maduka) kujengwa upya. Hatukatai. Mimi naishi upande wa Najjera, na mvua ikinyesha natembea nimevua viatu hadi steji ya boda. Nani asiyetaka mtaro?

Shida ni nani anarudi jengo likiisha. Mama anayenikaangia rolex (chapati iliyokunjwa na mayai) ana meza moja na sigiri, anafungua saa kumi na moja jioni. Kwenye plani niliyoonyeshwa kuna maduka ya vioo na maegesho ya magari. Meza yake sikuiona. Wenye maduka ya kukodi nao hawajui kodi mpya itakuwa ngapi.

Halafu kuna ardhi. Huku kwetu ni mailo, aina ya umiliki wa ardhi: mwenye hati ni mmoja, mwenye kibanja, yaani anayekaa na kuitumia ardhi hiyo, ni mwingine. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda wa kibanja, lakini kwenye mkutano wa LC1 (baraza la mtaa) aliyesikilizwa ni mwenye hati. (Vijana, kusema kweli, wengi wanaunga mkono, wanataka taa na uwanja.)

Kama uko na kibanja, nenda manispaa uulizie plani yenyewe, usitegemee dalali.