Maswali ya Wasomaji: Kwaresima ya Wakati wa Palizi

Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu imeangukia tarehe 18 Februari na Pasaka itakuwa tarehe 5 Aprili, kwa hiyo kwetu Dodoma Kwaresima yote imo ndani ya msimu wa mvua, wakati ambapo wengi wetu tuna jembe mkononi na ghala linaelekea ukingoni. Barua nilizopokea zinaionyesha hali hiyo. Waandishi kadhaa wameniita Mwalimu, jina ambalo katekista mstaafu hawezi kulikataa. Hata hivyo, pale panapohitajika uamuzi wa paroko nitamwelekeza mwandishi kwa paroko wake.

*Mwalimu, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama wa watoto wanne hapa Chamwino, na sasa nina mimba ya miezi sita. Nyumbani kwetu tunakula ugali wa mtama na mlenda kuanzia Jumatatu hadi Jumatatu; nyama tunaiona Krismasi, Pasaka na penye msiba. Inapotangazwa kwamba Ijumaa tusile nyama, mimi huona ninaambiwa nitimize jambo ambalo nimekwisha kulitimiza bila kupenda. Tena huu ndio wakati wa palizi, na mtama uliobaki haufiki debe mbili. Je, nifunge nini?* — Mama wa Chamwino

Milele na milele, amina, mama. Nianze na sheria, kwa sababu ni fupi kuliko watu wengi wanavyodhani. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 1251 na ya 1252, zinataka mambo mawili tu. La kwanza ni kutokula nyama siku za Ijumaa na Jumatano ya Majivu, nalo linamhusu kila aliyetimiza miaka 14. La pili ni kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, nalo linamhusu mtu kuanzia miaka 18 hadi anapotimiza 59. Kufunga kwenyewe, kama alivyoeleza Papa Paulo wa Sita mwaka 1966, ni kula mlo mmoja kamili kwa siku, na mtu hakatazwi kuonja kidogo asubuhi na jioni. Samaki, mayai na maziwa havimo katika katazo la nyama.

Wewe una mimba na unashinda shambani. Kwa mapokeo ya Kanisa, mwenye mimba, anayenyonyesha, mgonjwa na mwenye kazi nzito inayomdai nguvu zake hawadaiwi mfungo huo, na hapo ninawaweka pia vibarua wanaovuna zabibu Hombolo na Mpunguzi miezi hii ya Februari na Machi. Kula, mama, na usiende kuungama kwamba umekula. Ukipata mlenda mbichi wa masika, ule mwingi kadiri mwili unavyotaka.

Lakini swali lako lina uzito zaidi ya sheria, na nimelirudia mara kadhaa kabla ya kujibu. Nabii Isaya, katika sura ya 58, anaeleza kwamba mfungo anaoutaka Mungu ni mtu kumgawia mwenye njaa chakula chake. Tumezoea kuisoma sura hiyo kana kwamba sote tumesimama upande wa mgawaji. Wewe umesimama upande wa pili. Basi swali la kwamba ufunge nini ningelipeleka kwanza kwa jumuiya yako, yaani kundi la majirani Wakatoliki mnaosali pamoja, kwa wale wenye mshahara na wale ambao mtama wao wa mwaka jana bado umejaa ghalani, niwaulize wao wamefunga nini ambacho kimefika kwenye chungu chako. Mwenye kuacha nyama Ijumaa akanunua samaki mkubwa wa Mtera kwa fedha nyingi zaidi, kisha Jumamosi akaenda kuifidia Ijumaa kwa nyama choma ya mnadani Msalato, hajavunja kanuni yoyote. Ila mimi sioni amejinyima nini.

Kuna jambo la majira hapa ambalo jumuiya zetu hazilitazami vya kutosha. Kwa desturi tunakusanya nafaka za wahitaji ili zigawiwe karibu na Pasaka, au tunangoja mavuno ya Mei na Juni ambapo hata maskini ana chochote. Njaa ya Dodoma haingoji hivyo, kwa kuwa inabana kuanzia Januari hadi Machi, wakati mtu anahitaji nguvu za kupalilia na ghala limebaki sakafu. Jumuiya yenye kaya ishirini inayoamua katika wiki ya kwanza ya Kwaresima kutoa debe moja kila kaya inayoweza, na kumpelekea mhitaji mlango wa nyuma bila kupiga picha, itakuwa imefanya Kwaresima kwa wakati wake. Nakuomba umweleze mwenyekiti wako, au kama unaona haya umweleze mama mmojawapo wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, kwamba mtama wako haufiki debe mbili. Kusema hivyo ni kuwapa wenzako nafasi ya kufunga kweli, na wala si kuombaomba.

Na kama unataka nawe uwe na lako, chagua jambo lisilokula nguvu zako: robo saa ya sala pamoja na watoto kabla ya kulala, au kumtembelea mama aliyejifungua jirani. Hilo linatosha.

*Mimi ni mtumishi wa serikali. Nilihamia Dodoma na wizara yangu mwaka 2019 na ninaishi Kisasa. Tangu treni ya umeme ianze safari zake, kila Ijumaa jioni ninakwenda Dar es Salaam kwa familia yangu na kurudi Jumapili usiku. Jumuiya yetu hukutana Jumamosi alfajiri, kwa hiyo sijawahi kuhudhuria hata mara moja, ingawa michango yote ninaituma kwa simu na ya Kwaresima nimeituma kabla ya Jumatano ya Majivu. Mwezi uliopita nilihitaji sahihi ya mwenyekiti, naye akasema hanifahamu. Je, hii ni haki?* — Msomaji wa Kisasa

Ndugu yangu, mwenyekiti alisema kweli: hakufahamu wewe. Fedha yako anaifahamu, kwa kuwa jina lako analiona kwenye ujumbe wa simu, lakini akikutana nawe sokoni Majengo atapita. Hebu fikiria ugonjwa ukikupata Jumanne usiku, nani atajua?

Jumuiya Ndogo Ndogo hazikuanzishwa ziwe ofisi ya kupokea michango na kutoa sahihi. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mkutano wa umoja wao, AMECEA, wa mwaka 1976, walizifanya kuwa njia ya msingi ya kulijenga Kanisa katika nchi zetu, wakiona kwamba mtu katika parokia ya maelfu ya waamini hawezi kumjua jirani yake asipokutana naye nyumbani, juu ya Neno la Mungu na juu ya shida za kila siku. Mchango unaotumwa kwa simu unahesabika kama mchango, tena nakushukuru kwa uaminifu wako. Ila haujahesabika kama wewe.

Hata hivyo sitaishia kukulaumu, kwa sababu lawama nyingine iko upande wetu wenyeji. Tangu mwaka 2016, serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, mitaa yetu imepokea watu ambao ratiba zao hazifanani kabisa na zetu, nasi tumeendelea kukutana saa ile ile ya Jumamosi waliyoipanga wazee ambao asubuhi hiyo hiyo walikuwa wakielekea shambani. Pia kuna jumuiya, na nimeketi katika moja yake, ambamo Injili husomwa kwa dakika tano na michango hujadiliwa kwa saa nzima. Mgeni akija mara moja na kukuta hivyo, simshangai asiporudi.

Kwaresima inakupa mlango. Parokia nyingi hufanya Njia ya Msalaba siku ya Ijumaa, na jumuiya kadhaa huifanya pia nyumba kwa nyumba siku nyingine ya wiki. Mwombe mwenyekiti vituo 14 visaliwe nyumbani kwako Jumatano moja jioni, baada ya watu kutoka kazini. Usiandae karamu, maana ni Kwaresima. Maji ya kunywa na mikeka vinatosha. Ijumaa moja au mbili kati ya hizi saba baki Dodoma, au mlete mkeo na watoto huku, wapate kujua mahali unapoishi siku tano za wiki. Ibada hii ina mizizi mirefu katika mji wetu: wamisionari waliokabidhiwa eneo hili miaka ya 1930 walikuwa Wapasionisti, shirika ambalo karama yake ni kuhubiri Mateso ya Yesu, na ndiyo maana Kanisa Kuu la Dodoma limewekwa chini ya Mtakatifu Paulo wa Msalaba, mwanzilishi wao. Baada ya Jumatano hiyo moja, mwenyekiti hatakuuliza tena wewe ni nani.

*Kigango chetu kiko mbali, huko Bahi, na barabara ilikuwa imekatwa na maji. Jumatano ya Majivu padre hakufika. Katekista ndiye aliyetupaka majivu. Watu wengine wanasema hayo si majivu halali. Je, turudie?* — Mwanakigango

Msirudie. Kubariki majivu ni kazi ya padre au shemasi, lakini mlei aliyekabidhiwa anaruhusiwa kuwapaka waamini majivu yaliyokwisha kubarikiwa, na bila shaka paroko aliyatuma mapema kwa kuijua barabara yenu. Tena Jumatano ya Majivu si sikukuu ya amri, yaani siku ambayo kuhudhuria Misa ni lazima, hivyo hata aliyekosa kabisa kwa sababu ya maji hana dhambi. Majivu yenyewe hutokana na matawi ya mwaka uliopita, kwa hiyo Jumapili ya Matawi, tarehe 29 Machi, msiyatupe matawi yenu njiani mnaporudi nyumbani.

*Kwaya yetu inatumia ngoma na kinanda. Paroko ametuambia tupunguze ngoma wakati wa Kwaresima, na wanakwaya wameudhika, wakisema kwamba utamaduni wetu unadharauliwa. Tufanyeje?* — Katibu wa kwaya, Kongwa

Paroko wenu hajabuni. Mwongozo wa Misa unaelekeza kwamba katika Kwaresima vyombo vya muziki vitumike kwa kusindikiza uimbaji tu. Vipande vya kupigwa bila kuimba, vile vya kuonyesha ufundi wa mpiga kinanda, vinangoja. Maua ya altareni nayo yanangoja, wimbo wa Utukufu hauimbwi, na Aleluya inapumzika hadi Kesha la Pasaka. Zipo siku zinazolegezewa masharti ya vyombo na maua: Dominika ya nne, ambayo mwaka huu ni tarehe 15 Machi, Mtakatifu Yosefu tarehe 19 Machi, na Kupashwa Habari tarehe 25 Machi, na katika hizo mbili za mwisho Utukufu unaimbwa.

Kuhusu utamaduni, nadhani wanakwaya wamekosea mahali pa kuutafuta. Wagogo wanajulikana mbali kwa sauti zao kuliko kwa vyombo, kwa ule uimbaji wa sauti nyingi zinazopishana na kurudiana. Wiki hizi sita ni nafasi ya kusikia kama kwaya yenu ina sauti au ina kinanda. Wafundisheni vijana wimbo mmoja wa toba kwa Kigogo, bila chombo, na ngoma za muheme za akina mama ziwekwe tayari kwa usiku wa Pasaka.

*Tunaishi Kondoa, na majirani zetu wengi ni Waislamu. Ramadhani imeanza wiki moja na Kwaresima yetu. Jirani ametualika futari siku ya Ijumaa, na najua kutakuwa na pilau ya nyama. Nikikataa nitamvunjia heshima. Nikila nitavunja amri.* — Baba wa familia, Kondoa

Mwambie mapema. Mtu anayefunga mwezi mzima bila kunywa hata maji mchana hahitaji maelezo marefu kuhusu jirani asiyekula nyama siku moja. Pengine atakuwa wa kwanza kukutengea tambi, maharage ya nazi na tende. Naona wasiwasi wetu katika jambo hili mara nyingi unatokana na kudhani kwamba jirani hatatuelewa, ilhali yeye ndiye anayejua kufunga kuliko sisi. Kama mwaliko umekuja ghafla au una uzito wa pekee katika ukoo, kanuni ya 1245 inampa paroko mamlaka ya kukuondolea wajibu huo kwa sababu ya haki, au kukubadilishia kwa tendo jingine jema. Mpigie simu kabla ya kwenda. Kisha mwalike nawe nyumbani kwako wakati wa Pasaka.

*Katika jumuiya yetu bahasha za Kwaresima zina majina, na kila wiki mwenyekiti husoma nani ametoa kiasi gani na nani hajatoa. Mama mmoja mjane ameacha kuja. Nifanye nini?* — Mwanajumuiya aliyeomba jina lisitajwe

Mathayo sura ya 6, ile inayosomwa Jumatano ya Majivu yenyewe, inasema sadaka iwe kwa siri, mkono wa kushoto usijue lifanyalo mkono wa kuume. Jumuiya hiyo imeisikia Jumatano na kuivunja Jumamosi. Kwa ajili ya hesabu, jumla ya jumuiya nzima inatosha kusomwa.

Anza na yule mama: nenda kwake wiki hii, usimweleze habari za bahasha, msalimie tu na umpitie Ijumaa mwende pamoja kwenye Njia ya Msalaba. Kisha mwendee mwenyekiti peke yako, kabla ya kikao na si ndani ya kikao. Asipokusikia, rudi na mwenzako mmoja ambaye anaheshimiwa naye. Msiende na malalamiko matupu. Nendeni na sanduku la mbao lenye tundu juu, ambalo fundi seremala wa mtaani atalitengeneza kwa siku moja, na mpendekeze bahasha zisizo na majina zitumbukizwe humo watu wanapoingia.